Paa la Kijani la Nyumba ya Barafu

Bon, vijana. Jana mlikaa barazani kwangu hapa Mangobo mkagombana mpaka chai ikapoa. Neema, mjukuu wangu, alisema barafu ya kwenye ncha za dunia inayeyuka kwa sababu ya watu: viwanda, magari, moshi, misitu inayokatwa. Rafiki yake Heri akasema hapana, dunia ilikuwa inapata joto na baridi kabla gari la kwanza halijatengenezwa, jua ni jua, mtu ni nani? Kisha wote wawili mkanigeukia mimi, bibi yenu. "Koko, wewe ulifanya kazi ya barafu. Sema wewe!"

Nikasema nitaandika. Mnanijua. Kusema mbele ya watu, hata mbele ya wajukuu, moyo wangu unapiga kama mtu aliyekimbia. Mdomo wangu mzito, mkono wangu mwepesi. Ndivyo nilivyokuwa nikiwa na miaka kumi na minane, na umri haujanibadilisha sana.

Sijawahi kuona ncha za dunia. Theluji yenyewe nimeiona kwenye picha. Lakini barafu nimeibeba, nimeikata, nimeifunika na kuifunua miaka mingi, mpaka vidole viwili vya mkono wa kushoto havijui tena moto wala baridi. Kwa hiyo nitawaambia ninachokijua, na zaidi nitawaambia habari ya paa moja. Ugomvi wenu wa jana niliuona zamani, wakati nchi hii ikiitwa Zaire, kwenye ua wa kiwanda chetu, na aliyekuwa karibu kuumia kwa ugomvi ule alikuwa mzee wangu wa kazi, Papa Lifoko.

Kiwanda kilikuwa karibu na mto. Umeme ulitoka kwenye bwawa la Tshopo, na ukikatika, tulikaa. Upande mmoja kulikuwa na mashine. Huko tulijaza maji kwenye masanduku marefu ya bati, tukayazamisha kwenye tangi la maji ya chumvi yaliyopoozwa sana, na kesho yake ukitoa sanduku unapata kipande cha barafu kirefu kama mtoto wa miaka kumi. Fundi wa mashine alikuwa Bosenge, kijana wa Yanonge, mdomo haufungi. Upande wa pili ilikuwa nyumba ya barafu, ghala tu, bila mashine. Kuta mbili mbili, katikati yake unga wa mbao. Juu, bati lililopakwa chokaa nyeupe. Barafu ililala humo ndani ya unga wa mbao, ikingoja wauza samaki, wenye baa na hospitali. Mwenye ufunguo wa nyumba ile alikuwa Papa Lifoko, mtu wa mto, wa upande wa Isangi, na mimi nilipewa kwake nijifunze.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, diploma mkononi, na nilikuwa bubu. Sijui neno jingine. Nikiulizwa kitu mbele ya watu, nilitazama miguu. Kila asubuhi kabla ya kazi tulisimama mbele ya bendera, tukaimba, tukacheza zile ngoma za chama cha serikali, na wote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia. "Bwana" na "monsieur" zilikuwa zimekatazwa. Bosenge akaniita Citoyenne Bubu. Nilikuwa na daftari la kifuniko cha buluu, na yale niliyoshindwa kusema niliandika humo. Ninalo hadi leo. Juma langu la kwanza linasema hivi: "Leo Bosenge ameniita Bubu mara nne. Sikumjibu. Namjibu hapa: yeye ni nyani, na suruali yake imepasuka nyuma na hajui."

Siku ya tatu nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni msichana msafi, mtoto wa mama wa Maniema. Nikaona vipande vya barafu vimejaa unga wa mbao, vichafu kama vitu vilivyookotwa. Papa Lifoko alipotoka, nilichota maji ya bomba, nikaviosha kimoja kimoja, vikang'aa kama kioo. Nilifurahi sana. Papa Lifoko akarudi, akasimama mlangoni.

"Mutoto, umefanya nini?"

"Nimeosha, Papa."

"Umeosha. Bon. Na kesho utaosha moto na petroli?"

Nikatazama miguu. Hakupiga kelele. Alinishika mkono akauweka juu ya kipande, nikasikia kilivyokuwa kinateleza na kulia maji pande zote.

"Jua inakula barafu na kijiko," akasema. "Maji inakula na mukono mbili. Usisahau ile."

Sikusahau. Ukitaka kujua barafu inakufa vipi, usiangalie juu tu. Angalia chini, inapogusana na maji. Barafu ya ncha za dunia ni milima na milima ya barafu iliyolala juu ya nchi kavu, Greenland huko kaskazini na Antaktiki kusini, na ulimi wake unashuka mpaka baharini. Bahari ikipata joto kidogo tu, inaula ulimi ule kwa chini, mikono miwili, hata kama hewa ya juu ni baridi ya kuua mtu. Ulimi ukikatika, barafu ya nyuma inasukuma, inashuka haraka zaidi. Na kwa kuwa ile ilikuwa imekaa juu ya nchi kavu, maji yake ni maji mapya baharini. Jaribuni nyumbani: kipande kinachoelea tayari ndani ya glasi iliyojaa kikiyeyuka, glasi haimwagiki. Weka kipande kipya kutoka nje, maji yatamwagika, utaifuta meza.

Jambo jingine alilonifundisha, na hili lilinipendeza kuliko yote. Pasua kipande cha barafu katikati. Pembeni ni kioo, lakini katikati kuna moyo mweupe. Wanunuzi walidhani ni uchafu, wengine walitukana. "Ile haiko buchafu," alikuwa akiwaambia, "ile ni upepo. Barafu inaanza kukamata inje, upepo inakimbilia ndani, inafungiwa." Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wataalamu wanatoboa barafu ya zamani sana ya kule kwenye ncha, wanatoa viputo vya hewa iliyofungiwa humo kabla ya babu wa babu zetu, wanaipima, wanajua hewa ya wakati ule ilikuwaje. Nilicheka peke yangu. Moyo mweupe! Kumbe barafu nayo ilikuwa na daftari.

Sasa niwaonyeshe daftari letu, kwa sababu bila hilo hakuna hadithi. Sakafu ya nyumba ya barafu ililala mteremko, na maji ya kuyeyuka yalipita kwenye bomba dogo mpaka kwenye pipa nyuma ya ukuta. Kila asubuhi, kabla ya bendera, Papa Lifoko aliingiza fimbo kwenye pipa, akapima kwa vidole maji yamefika wapi, akamwaga, akaanza siku. Hakuandika. Siku ya maji mengi kupita kawaida alikata alama kwenye fimbo kwa kisu, basi. Mimi ndiye niliyeanza kuandika, si kwa akili, ni kwa sababu niliandika kila kitu. "Vidole vinne. Mvua. Nimekula ndizi." "Vidole vitano. Joto. Bosenge ameniambia nina sura ya mtu anayesubiri mazishi." Hivyo mwaka mzima na zaidi.

Siku moja gérant wetu, msimamizi wa kiwanda, alituita uani. Alikuwa mtu wa tai ndefu na haraka nyingi, si mtu mbaya. Alisema mgeni mkubwa wa chama atapita kwenye barabara yetu, na kila kiwanda kinatakiwa kionyeshe moyo wake.

"Citoyens, nataka mawazo!"

Mmoja akasema tuimbe. Tulikuwa tunaimba kila siku. Mwingine akasema mabango. Gérant akakunja uso. Na mimi, sijui nini kiliniingia, nilisikia sauti inasema, "Tunaweza kupaka paa rangi ya chama, kijani." Nilitazama nani amesema. Nilikuwa mimi.

"Nani? Citoyenne Zaina? Rudia!"

Nikarudia. Gérant akapiga makofi, wote wakapiga makofi, Bosenge akapiga mluzi. "Bubu amesema! Leo mvua itanyesha samaki!" Gérant akasema mbele ya kila mtu kwamba hilo ndilo wazo, na kwamba vijana wenye shule ndio tegemeo la kiwanda. Nilicheka mpaka meno yakaonekana yote. Daftari la siku ile lina maneno mawili tu, nimeyapigia mstari: "Leo nimesema."

Jumamosi ikawa salongo. Nyinyi hamkuijua, ilikuwa kazi ya pamoja, ya lazima, bure. Wengine walifagia barabara, sisi tulipanda juu ya nyumba ya barafu. Kijani tulichopata kilikuwa cheusi, kama majani ya muhogo yaliyopikwa, lakini kijani ni kijani. Tulifunika ile chokaa yote. Mgeni alipita ndani ya gari, alipunga mkono, gérant alipata sifa kutoka kwa wakubwa wake, na akatupa siku moja ya kupumzika.

Baada ya hapo pipa likaanza kupanda.

Siwezi kusema tuliliona mara moja. Mvua zilikuwa zimekatika, ni miezi ile ya mwanzo wa mwaka ambapo bati la nyumba linalia mchana. Vidole vitano, kawaida. Sita. Mama mmoja muuza samaki alirudi akiwa na hasira, akasema tunauza mishumaa. Saba. Gérant akatuambia, "Ni jua ya mwezi wa pili, citoyens, nani anashindana na jua?" Tukakubali. Heri angekubali. Vidole vinane, na vipande vya juu kabisa vikawa vyembamba kama vibao vya kufulia.

Kisha wenye baa wakapeleka malalamiko kwa mwenye kiwanda, na jua likawa halitoshi tena. Jua haliitwi ofisini. Akatafutwa mtu.

Jumatatu, tukiwa bado mbele ya bendera, gérant alisema kwamba barafu haipotei hivi hivi. Kuna mlango unaoachwa wazi, na kuna vipande vinavyotokea nyuma kwenda kwa mama wa samaki. Hakutazama mtu, lakini mwenye mlango alikuwa mmoja. "Ijumaa, Citoyen Lifoko atarudisha ufunguo."

Papa Lifoko alikuwa amefanya kazi pale tangu kuta zilipojengwa. Ilikuwa imebaki miaka michache apumzike kwa heshima. Sasa angerudi Isangi mikono mitupu, na jina la mwizi lingefika kabla yake, maana mto unabeba habari upesi kuliko mtumbwi. Alikwenda akafungua nyumba ya barafu, akaingiza fimbo kwenye pipa kama kila siku.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Nilitaka tu kuona kama kweli mlango uliachwa wazi siku fulani. Nilikuwa nimeandika mpaka nani alipiga chafya. Nikatafuta juma lile lile la mwaka uliopita. Mvua zilikuwa zimekatika siku karibu zile zile. Joto lile lile, niliandika "bati linalia". Papa Lifoko yule yule, mlango ule ule. Vidole vitano. Mwaka huu vinane.

Basi jua lilikuwepo miaka yote miwili. Jua lilikuwa linakula vidole vyake vitano, na hatukuwahi kulilaumu. Swali lilikuwa: hivi vitatu vya juu ni vya nani? Nikarudisha kurasa polepole. Pipa lilianza kupita mwaka wa jana siku gani? Kidole changu kikapanda, kikapanda, kikapita Jumamosi ya salongo, kikasimama kwenye maneno mawili yaliyopigiwa mstari.

Nawaambia ukweli, kwa sababu ndiyo maana naandika. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufunga daftari. Cha pili, nilifikiri: hakuna mwingine anayejua.

Kesho yake mchana nilipanda ngazi nikagusa bati la nyumba ya barafu. Nilitoa mkono haraka. Nikaenda kwenye kibanda cha mlinzi, ambacho bati lake bado lilikuwa na chokaa, nikaweka kiganja, nikahesabu mpaka kumi na kukiacha pale. Niliposhuka, Papa Lifoko alikuwa ananitazama.

"Umeona," akasema.

"Papa, ulijua?"

"Tangu juma ya kwanza. Mimi na barafu tunajuana."

"Juu ya nini haukusema?"

Alitazama kando kwanza. "Rangi ile, mutoto, haiko rangi ya kusemea mubaya. Unaelewa? Batu balipotea ju ya maneno kidogo kupita ile." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na tena neno ilikuwa ya wewe. Siku ile ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nakuona meno."

Akanigusa bega. "Kaa kimya. Wewe unaanza, mimi namaliza."

Sikulala vizuri, na asubuhi nikamwendea Bosenge. Nilimwomba mabati mawili ya zamani, sawasawa kwa ukubwa.

"Bubu anataka bati! Unajenga? Unaolewa na nani, tuambie tulete mbuzi!"

"Na chokaa. Na ile rangi iliyobaki."

Alinitazama, akaacha kucheka. Bosenge alikuwa na mdomo, lakini alikuwa na kichwa pia. Alileta.

Nilipaka bati moja chokaa, jingine kijani. Alhamisi asubuhi tulikata kipande kimoja cha barafu nusu kwa nusu, tukaviweka uani juu ya matofali, kila nusu chini ya bati lake, tukazungushia unga wa mbao sawa. Nilipima unga ule kwa kopo ili mtu asije akasema. Sikusema neno kwa yeyote. Lakini uani kwetu kitu hakikai bila watu, na saa nne walikuwa wamezunguka, wanawekeana dau la mikate.

"Iko nini hii? Dawa?"

"Mimi nasema itaisha pamoja."

"Weka mikate mbili!"

"Naweka tatu, ya kijani inakwisha mbele!"

"Wewe! Sema polepole, usiseme ya kijani inakwisha!"

Walicheka, lakini nusu nusu, wakitazama mlango wa ofisi. Papa Lifoko hakuja karibu. Alikaa mlangoni pake na ufunguo mapajani.

Saa sita gérant alitoka kwenda kula, akakuta kundi. Lilifunguka lenyewe. Bosenge akainua mabati. Chini ya chokaa, nusu yetu ilikuwa imepungua pembe, lakini bado ungeweza kujengea ukuta. Chini ya kijani ilikuwa kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi.

"Nani amefanya mchezo huu?"

Niliona miguu yangu. Niliijua vizuri ile miguu, nilikuwa nimeitazama miaka. Nikainua kichwa.

"Ni mimi, Citoyen Gérant."

"Unasema rangi ya chama inaharibu barafu?"

Hapo hakuna aliyecheka hata nusu. Niliona Papa Lifoko anasimama.

"Hapana," nikasema. "Nasema bati yenye kuwa na giza inakamata jua. Hata ingekuwa nyeusi, hata buluu, ni sawa vile. Nyeupe inarudisha jua kwake. Tuliondoa nyeupe. Na ni mimi nilisema tuondoe, wewe ulinipigia makofi, lakini neno ilikuwa yangu. Nilikosa. Papa Lifoko hakukosa." Nikampa daftari, limefunguliwa. Nilikumbuka kuwa daftari lile lina pia habari ya suruali ya Bosenge, ikawa nimechelewa.

Gérant alisoma akiwa amesimama juani. Aligeuza kurasa, akarudi nyuma, akaja mbele. Aliokota kile kipande cha sabuni, akakishika mpaka maji yakaingia kwenye mkono wa shati lake. Nadhani alikuwa anafikiri lile lile nililofikiri mimi nilipofunga daftari. Yeye alikuwa amesifiwa na wakubwa kwa paa lile. Kulipaka chokaa, nani angemwelewa? Kuliacha, barafu ingekwisha.

Papa Lifoko ndiye aliyemfungulia njia. "Citoyen Gérant, bageni banapitia wapi?"

"Barabarani."

"Na upande ya mutoni, nani anaangalia?"

Gérant akafikiri. "Hakuna mtu. Ndege."

"Na ndege haiko na karte ya chama," Bosenge akasema, polepole, lakini si polepole ya kutosha. Wakati ule tuliambiwa kila Mzaire anazaliwa mwanachama, hata aliye tumboni. Ndege walikuwa wamebaki nje. Gérant alikohoa, na wote tulijua alikuwa anaficha kicheko.

"Jumamosi, salongo," akasema. "Upande wa mto, chokaa. Upande wa barabara hakuna anayegusa."

Akaanza kuondoka na daftari langu. Nikamfuata hatua mbili.

"Na ufunguo?"

Aligeuka akamtazama Papa Lifoko, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Ufunguo ubaki pale uliko." Kisha akanirudishia daftari na kusema, "Bosenge, nenda ukashone suruali."

Ndiyo hivyo. Papa Lifoko alimaliza miaka yake, tukamsindikiza mpaka bandarini kwa nyimbo. Wenye baa walirudi. Nilibaki nyumba ya barafu, baadaye ufunguo ukawa wangu, na nilifundisha wengine wasioshe barafu; mmoja aliiosha vilevile.

Sasa Neema, Heri. Heri ana haki kwa kitu kimoja: dunia ina mambo yake. Mwalimu wetu wa jiografia alitueleza kwamba inayumba polepole sana katika safari yake kuzunguka jua, kama mtumbwi uliojaa mzigo, na kwa kuyumba kule zama za barafu zimekuja na kuondoka bila kumwuliza mtu. Kuna volkano chini ya barafu fulani, kama ile ya Goma ingefunikwa. Kuna mikondo ya bahari inayogeuka, kuna jua lenyewe ambalo halitulii kabisa. Hivyo ndivyo vidole vitano. Vilikuwepo, vipo, na anayevikana hajawahi kupima pipa.

Lakini kuyumba kule ni kwa maelfu ya miaka, na sasa pipa linapanda ndani ya maisha ya mtu mmoja. Ukitaka kujua vidole vya juu ni vya nani, fungua daftari, uangalie siku lilipoanza kupanda kulitokea nini. Wataalamu wamefungua lile la moyo mweupe. Wanakuta hewa ya moshi wa makaa na petroli na misitu iliyochomwa imeongezeka kupita ile iliyofungiwa zamani, na hewa ile inashika joto kama blanketi. Tena masizi yanakwenda kutua juu ya barafu, yanaitia giza. Na barafu ya baharini ikiondoka, inaacha maji ya rangi nzito pale palipokuwa peupe, na maji yale yanakamata jua. Hiyo ni Jumamosi yetu juu ya ngazi, kwa ukubwa wa bahari.

Na wewe Neema, usifurahi upesi. "Ni watu" haitoshi. Gérant naye alisema ni mtu, akamshika asiyehusika. Lazima ujue ni tendo gani, na la nani hasa, na wengi wa waliopaka hawako Mangobo. Sisi hapa tunapika kwa makala, yaani mkaa, na tunakata miti, ni kweli, niandikie na mimi kidole changu. Lakini pia fahamu kwamba walioleta wazo hawakuwa wanataka kuyeyusha kitu. Walikuwa wamepigiwa makofi. Hilo ndilo gumu. Kosa la kijinga unaliacha bila kulia. Kosa lililokupa sifa unalifungia daftari.

Fimbo ya Papa Lifoko iko nyuma ya mlango wa chumba changu, Neema anajua, anaitumia kuangushia mapapai. Tulipomaliza kupaka chokaa upande wa mto, pipa lilishuka kutoka nane mpaka sita. Tulisubiri tano. Upande wa barabara ulibaki kijani mpaka bati lilipoliwa na kutu, na mpaka nastaafu, tano ya miezi ile ya joto ilikuwa haijarudi. Vipande vilivyoyeyuka majuma yale navyo vilikuwa vimekwenda zamani na mto, wakati sisi bado tunabishana.

Daftari la ile Alhamisi lina mstari mmoja: "Leo nimesema tena. Kesho tupime."